Una jozi ya kwini (moja mkononi, moja mezani), mpinzani anayeingia kila raundi anasukuma chipu zote: ulipe au uache?

Mchezo ni Texas Hold'em usio na kikomo cha dau: poka ambayo kila mmoja ana karata mbili za siri, na za mezani ni za wote. Madau ya lazima ni 50 na 100, kila mmoja ana chipu 10,000. Umekaa nafasi ya mgawaji (unaamua baada ya mpinzani), una ree ya shupaza na kwini ya uru. Mpinzani ameingia kwa 100, kama kawaida yake.

Hatua ya 1. Pandisha hadi 500, siyo 300. Asiyependa kuacha karata hulipa 500 kwa karata zile zile ambazo angezilipia 300. Akifuata peke yake, poti (chipu zote zilizowekwa) ni 1,150.

Hatua ya 2. Mezani: kwini ya kopa, 9 ya kopa, 4 ya pau. Akipita (asipoweka dau), weka 850. Usimtegee kwa kupita nawe. Anayesubiri kufikisha kopa tano, ambazo hushinda jozi yako, utampa karata ya bure. Akifuata, poti ni 2,850.

Hatua ya 3. Inakuja 10 ya pau. Anapita, unaweka 1,900, anasukuma zote. Hapa ndipo watu wanapoteza chipu, kwa sababu wanaangalia uzuri wa jozi yao badala ya kuhesabu.

Anza na bei. Umebakiwa na 6,750, na ukilipa poti itafika 20,150. Unahitaji kushinda asilimia 33.5, yaani kama mara moja kati ya tatu. Zile 3,250 ulizokwisha kuweka zisahau. Si zako tena.

Kisha hesabu michanganyiko inayokushinda, yaani karata mbili anazoweza kuwa nazo mkononi. Mifuatano (karata tano zinazofuatana): kingi na jeki 16, jeki na 8 nayo 16. Jozi mbili: kwini na 10, kwini na 9, kwini na 4, kila moja 6, 10 na 9 ni 9. Tatu za aina moja (10, 9 au 4): 9. Jumla 68. Kama huingia hata na 10-4 na 9-4, ongeza 18. Kama jeki na 8 huzicheza zikiwa za alama moja tu (kama kopa zote mbili), toa 12.

Upande wa pili kuna kopa mbili mkononi mwake. Kopa zilizobaki ni 11, hivyo michanganyiko ni 55. Ukitoa miwili iliyokwisha kuwa mfuatano na mmoja wa 10-4 ulio tayari jozi mbili, inabaki 52. Dhidi ya hiyo unashinda kama mara 7 kati ya 10: ana kopa 9 za kumwokoa kati ya karata 44, na mara nyingine karata chache zaidi za mfuatano, jozi kubwa, jozi mbili au tatu za aina moja. Ili kulipa kusiwe hasara dhidi ya ile 68, anahitaji kuwa anasukuma na michanganyiko kama 50 ya namna hii.

Je, anafanya hivyo? Wapo walegevu (wanaoingia na karata zozote) wa aina mbili, na kuwachanganya ndilo kosa kubwa. Wa kwanza hufuata kila dau lakini hapandishi mpaka amekamilisha. Kwake ile 52 ni karibu sifuri: acha kwini zako, hata kama zinauma. Wa pili hupandisha akisubiri kopa au mfuatano, na umeshaona karata hizo zikifunuliwa mwisho wa raundi. Huyo mlipe.

Programu za simu zinazokadiria asilimia sizipendekezi hapa. Zinataka uziambie mpinzani anacheza nini, na jibu hilo linatoka kwenye karata alizofunua, si kwenye simu. Ziandike kwenye karatasi: alipandisha lini, na alikuwa na nini.

Kama hujaona hata moja, acha.