Siku nne Kigali kutoka Nyegezi, Mwanza: somo kwa asiyewahi kuvuka mpaka

Mwangaluka ndugu zangu. Tangu niweke picha za safari yangu ya Kigali kwenye kikundi chetu, kila mtu ananiuliza nilitumia shilingi ngapi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nilikula nini. Naandika somo zima hapa ili nisisimamishwe tena njiani pale Mwaloni.

Sisi wa Mwanza ni watu wa ajabu. Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote tunazifikia kwa basi, lakini mtu akishika hela anawaza Dubai, na kwa kuwa Dubai haifikiki, anakaa nyumbani mwaka mzima. Mimi nilitoka Alhamisi, nikalala Kigali usiku tatu, Jumapili nikarudi.

Hatua ya 1: Pasipoti. Kitambulisho cha NIDA peke yake usikitegemee. Fomu unajaza kwenye mtandao wa Uhamiaji, kisha unakwenda ofisini kwa picha na alama za vidole. Ada ni shilingi 150,000 na pasipoti inadumu miaka 10. Ukigawanya, ni shilingi 15,000 kwa mwaka, chini ya hela tunayochangia harusi ya mtu tusiyemjua. Viza ya Rwanda Mtanzania haombi.

Hatua ya 2: Kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano uchome angalau siku 10 kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka. Mwenye kadi ya zamani asiitupe: tangu 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha.

Hatua ya 3: Tarehe. Hapa ndipo nilipopigwa chenga mara ya kwanza. Nilipanga Jumamosi yangu vizuri: chai mapema, soko la Kimironko, halafu matembezi. Natoka nje, mji kimya. Maduka yamefungwa, pikipiki hakuna. Nikadhani kuna msiba wa kitaifa. Mhudumu wa nyumba ya wageni akacheka, akaniambia, "Ni umuganda, mzee." Kumbe Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, wananchi wanatoka kufanya kazi za pamoja: kufagia, kuzibua mitaro, kupanda miti. Mgeni halazimishwi. Nilikaa nusu saa nikitazama ukuta, nikaona aibu, nikaenda kuomba jembe. Nusu ya watu niliowafahamu Kigali niliwapata kwenye ule mtaro. Kwa hiyo kama unataka kununua vitu, ikwepe Jumamosi hiyo. Kama unataka watu, ifuate.

Hatua ya 4: Mkoba. Mmoja tu, unaoweza kuubeba ukiwa umechoka. Mifuko ya plastiki acha nyumbani. Sisi tumeipiga marufuku 2019, wao tangu 2008, na hawatanii. Karanga zangu za njiani nilizifunga kwenye rambo kuukuu. Mpakani nilibaki nazo mikononi kama mtoto.

Hatua ya 5: Njia. Panda basi la alfajiri kituo cha Nyegezi. Zamani nusu ya asubuhi ilikuwa inaliwa na foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lipo, kilomita 3 juu ya maji, na kabla hujamaliza kupiga picha umeshafika ng'ambo. Halafu Sengerema, Geita, Biharamulo, Lusahunga, mpaka Benaco. Nauli uliza siku hiyohiyo, kwenye ofisi yenye dirisha na risiti, usimwulize kijana anayekuvuta mkono.

Rusumo, ndipo mpakani, usikimbie. Kituo ni cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia sehemu moja. Ukivuka daraja simama kidogo, tazama maporomoko. Huo ni mto Kagera, na maji yale yanakwenda kumwagika kwenye ziwa letu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka hapo kuja kwetu ndani ya saa 24 hivi, wakajaa Benaco. Miili ya waliouawa nayo ilibebwa na mto hadi ziwani. Nilikuwa nimepanga kuruka makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, pale Kigali, nikisema nimekuja kustarehe. Baada ya daraja lile sikuweza. Wamezikwa pale Gisozi watu zaidi ya 250,000. Nendeni asubuhi, na siku hiyo msipange jambo lingine kubwa.

Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kama kilomita 160. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, nao wana saa ya bure ya kukupa. Magari yanapita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara anza kutazama kushoto.

Hatua ya 6: Mjini. Jambo moja asubuhi, jingine jioni, basi. Mimi nilitembea Nyamirambo mpaka miguu ikakataa. Ni mtaa wa misikiti, mafundi cherehani na vinyozi, na Kiswahili unakisikia kila kona. Kuna vibanda vinavyouza maziwa tu: ya moto, au ikivuguto, yaani mgando. Msukuma mwenzangu, utakaa pale saa nzima. Nilikunywa bilauri tatu nikiwa nimezungukwa na wazee waliokuwa wakibishana habari za mpira, hakuna aliyenijua, simu imezimwa. Raha ya safari yote ilikuwa pale, na sikuilipia kiingilio.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

*Dada wa Igoma: Kinyarwanda sijui hata neno. Nitaelewana nao?*
Dada, Kiswahili ni lugha rasmi kule tangu 2017, ila si kila mtu anakiongea. Vijana wengi watakujibu kwa Kiingereza. Jifunze "muraho" ya kusalimia na "murakoze" ya kushukuru. Na ukisharudisha saa yako nyuma, saa wanazitaja kama sisi, saa mbili ni saa mbili.

*Ngosha wa Buzuruga: Bodaboda zao zikoje?*
Abiria mmoja, na anavaa kofia ngumu. Mishikaki ya kule ni ya nyama tu, si ya abiria, na wanaiita burusheti. Patana bei kabla hujapanda.

*Mama wa Kirumba: Mwanamke peke yake, usiku, haogopi?*
Mama, mimi ni mwanaume, nisijibu kwa niaba yenu. Nilichoona ni wanawake wakitembea peke yao saa tatu usiku, taa zinawaka, askari wapo. Ila panga kufika mchana, na nyumba ya wageni iwe imeshalipiwa.

*Shemeji wa Nyakato: Chakula je? Bila ugali na samaki mimi siwezi.*
Ugali upo, isombe ipo, ambayo ni kisamvu. Samaki wakimsifia mbele yako wewe mtu wa ziwa, watakuwa wanakutania. Kula sambaza, vidagaa vya ziwa Kivu vya kukaanga.

*Mjumbe wa Ilemela: Zawadi gani inabebeka?*
Kahawa, na kikapu cha agaseke, kile chenye kifuniko kilichochongoka. Nilimletea bimkubwa kimoja, nikamweleza ni cha heshima, cha kuwekwa sebuleni. Jana nimekikuta jikoni, amewekea dagaa.