Kitabu cha kwanza cha kusoma: achana na umri ulioandikwa kwenye jalada, hesabu herufi

Binti yangu alikuwa anaelekea miaka mitano niliponunua seti ya vitabu vya kuanzia kusoma, majalada mazuri, picha za kuvutia, nyuma wameandika umri, nikasema haya hapa ndo penyewe. Wiki ya pili akawa "anasoma" kitabu kizima bila kukwama, mimi naringa kwa ndugu kwenye simu. Siku moja nikakaa karibu nikawa nafuatisha kwa kidole, kitabu kimeandika Baba ana kofia, yeye akasoma "Baba amevaa kofia". Nikamwambia rudia, akarudia vilevile, tena kwa kujiamini. Nikafunika picha kwa kiganja. Kimya. Akaniangalia kama mtu aliyezimiwa taa.

Kumbe alikuwa anasoma picha, na kurasa zingine ameshazikariri kama wimbo. Na kosa sio lake, vile vitabu ndo vilimfundisha hivyo, maana kila ukurasa ni Naona paka, Naona kuku, Naona kiti, sentensi ileile inabadilika neno moja la mwisho na hilo neno limechorwa pale juu, sasa mtoto ahangaike na herufi za nini?

Kitabu cha foniksi ni kitu kingine. Foniksi yenyewe ni mtoto kujua kila herufi inatoa sauti gani, halafu kuziunganisha hizo sauti mpaka neno litoke mdomoni. Kwa hiyo kitabu chake kinatakiwa kiwe na maneno anayoweza kuyajenga kwa herufi ambazo ameshafundishwa, sio zile utakazomfundisha mwezi ujao. Ndo maana kitabu kilekile ni kizuri kwa mtoto wa jirani na ni kibaya kwa wako, na umri hauna kazi hapo.

Kabla hujanunua chochote chukua karatasi, muoneshe mtoto herufi moja moja bila mpangilio, uandike zile anazozijua kweli. Na usimuulize "hii inaitwaje", muulize "hii inasemaje". Hapa wazazi wengi tunajikwaa, tunafundisha majina ya herufi, be, che, de, halafu mtoto anakutana na neno bata anasoma "be-a-te-a" na sisi tunashangaa haunganishi. M inasema mmm, midomo imefungwa, haisemi ma wala em. S inasema sss. Herufi kama m, s, n, l na f sauti zake zinavutika, unaweza kuing'ang'ania mmm mpaka uingie kwenye a bila kukata, kwa hiyo kitabu kinachoanza na hizo kinamrahisishia sana mtoto ambaye bado hajashika kuunganisha. B, t, k, p zinakatika hapohapo, zitamke kwa kifupi mno, usizitilie irabu mkiani.

Sasa ukiwa na hiyo orodha shika kitabu unachokitaka, fungua ukurasa wa katikati (wa kwanza huwa wanaupendezesha) na pitia neno kwa neno na penseli, kila neno lenye herufi ambayo haiko kwenye orodha yako weka alama. Kipimo changu mimi kwenye maneno kumi angalau tisa ayaweze kwa herufi zake mwenyewe, yakipungua hapo hicho kitabu kiweke pembeni kwa baadaye, au kisome wewe yeye asikilize. Kazi hii inachukua dakika mbili na ingeniokoa ile seti nzima.

Vitabu vizuri vyenyewe vinakurahisishia, ukiangalia jalada la nyuma au ukurasa wa kwanza kabisa unakuta wameandika kitabu hiki kinafundisha sauti zipi na cha kabla yake kilifundisha zipi. Kama seti nzima haina hiyo orodha popote, mi naiacha, maana inawezekana aliyeandika hakuwa na mpangilio wowote kichwani. Na mpangilio ndo penyewe, kule Marekani jopo la kitaifa la usomaji lilitoa ripoti mwaka 2000 likasema foniksi inayofundishwa kwa utaratibu maalum inamsaidia mtoto kuliko ile ya kuokoteza okoteza. Pia usichanganye seti mbili kwa wakati mmoja, kila mchapishaji ana foleni yake ya sauti, huyu ameweka sh kitabu cha tatu, yule cha saba, mtoto anayumba.

Kwenye Kiswahili kuna mtego ambao sijui kwa nini hausemwi. Lugha yetu inasomeka vizuri, a ni a, e ni e, irabu tano kila moja na sauti yake haibadiliki, ukishajua umejua. Lakini angalia maneno wanayopenda kuyaweka kwenye vitabu vya mwanzo. Mbwa. Nyumba. Ng'ombe. Mtoto. Kwa sababu yanachoreka! Sasa chukua mbwa, herufi nne tu, unaona rahisi, lakini m imesimama peke yake kama silabi, halafu b na w zimebanana ndo ije a. Mtoto aliyezoea ma me mi mo mu akikutana na mtoto anasoma "matoto" au "mutoto", na ana haki, hakuna aliyemwambia kuna m isiyo na irabu. Nyumba ina ny na mb kwenye neno moja. Ng'ombe ina ng' yenye kile kikoma juu, ambayo sio ng ya ngoma, halafu mb inamsubiri mbele.

Weka hizi sentensi mbili pamoja uone:

Kaka ana kalamu, kaka analala.

Mbwa anakimbia nyumbani.

Ya pili ni fupi, maneno matatu, na mtu akikuuliza ipi ya kuanzia unaweza kusema hiyo. Ila ya kwanza yote imejengwa na k, n, l, m, a na u, herufi sita, kila konsonanti na irabu yake, mtoto aliyeanza kusoma wiki chache tu anaimaliza. Ya pili kila neno lina mgongano wake.

Kwa hiyo kitabu cha mwanzo cha Kiswahili nataka silabi nyoofu, kama, lala, taka, sita, meli, halafu kitabu kinachofuata ndo kilete ch, sh na ny, kingine mb, nd, ng, kingine m ya peke yake kama mtu na mti, na ng', dh, gh, kh zije mwishoni. Angalia pia urefu wa vitenzi. Kiswahili kinabebesha neno moja mizigo mingi, hatutawapikia ni neno moja lakini ni silabi saba, mtoto akifika "pi" ameshasahau alianza na nini. Anasoma, alikaa, tulale hizo zinatosha kwa kuanzia.

Kama unafundisha kusoma Kiingereza mambo yanabadilika, kina herufi 26 lakini sauti zinakaribia 44, yani herufi zinafanya kazi mbili tatu. Programu nyingi za Uingereza zinaanza na s, a, t, p, i, n kwa sababu kwa hizo sita tu unapata sat, pin, tap, nap, sit, tin na mengine kibao. Kitabu cha kwanza kiwe na maneno ya herufi tatu kama hayo, ship na chin baadaye, cake na rain baadaye zaidi. Maneno korofi kama the, was na said yatakuwepo, hayakwepeki, ila yawe machache na kitabu kiyataje mwanzoni ili umfundishe kabla. Na mtoto aliyeanza na Kiswahili ukimpa name atakusomea "na-me", make "ma-ke". Usimgombeze, amesoma sawasawa ila kwa sheria za lugha nyingine, ndo maana mi naona bora lugha moja ikae vizuri kwanza kabla hujamletea vitabu vya ya pili.

Mambo madogo ya kuangalia haraka: maandishi makubwa na mistari iachiane, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, na yasiwe yote kwa herufi kubwa. Angalia herufi a ya kuchapwa, kuna ile yenye kikonyo juu na ile ya duara na kijiti anayoiandika yeye, kwa mwanzo chagua ya duara. Picha iwepo, mtoto ni mtoto, ila iwe inanogesha baada ya kusoma, isiwe inatoa jibu. Na hadithi iwe na kitu kinatokea hata kiwe kidogo, kofia imepotea, kaka kalala juu yake, basi. Vitabu vingine vinasomeka vizuri sana kwa foniksi lakini vimekauka, Lala. Tata. Lala tena. Mtoto anakuuliza halafu?

Ukitaka kujua kama anasoma au anakariri tumia maneno ya uongo. Uingereza tangu 2012 watoto wa miaka mitano na sita wanapimwa kwa orodha ya maneno 40 na 20 kati ya hayo hayana maana yoyote, kwa sababu neno lisilokuwepo huwezi kulikariri wala kulibahatisha. Nyumbani andika lomi, tebu, sifo, mwambie ni majina ya mazimwi, akiyasoma vizuri herufi anazo. Akiyageuza kuwa maneno anayoyajua basi bado anabahatisha, rudi kitabu cha nyuma kidogo.

Na akikwama kwenye neno usimwambie "angalia picha", hapo unavunja ulichojenga. Weka kidole chini ya herufi ya kwanza, inasemaje, na hii, haya unganisha. Dakika kumi au kumi na tano kwa siku zinatosha kabisa, na kitabu kilekile akirudie siku ya pili na ya tatu, mara ya tatu ndo utasikia sauti imekuwa ya mtu anayesoma na sio roboti. Vitabu vya hadithi ndefu endelea kumsomea wewe jioni kama kawaida, vile vya foniksi havina maneno ya kutosha kumkuza lugha.

Usipopata kitabu kinachomfaa, na kwa Kiswahili utakwama sana hapo, tengeneza. Karatasi moja ikunje mara mbili, kata mikunjo ya juu, bana katikati, una kurasa nane. Andika sentensi moja kila ukurasa kwa herufi zilizo kwenye ile orodha, tumia jina lake kama herufi zinaruhusu, achore mwenyewe akishasoma. Cha kwanza nilichomtengenezea binti yangu kilikuwa na mwandiko mbaya sana, kalamu ya kaka imepotea, na ndo kitabu alichokisoma mpaka kikachanika.

Wakati wa kuviacha vitabu vya foniksi utajua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya dawa ya kikohozi namimina kwenye kijiko, yeye anaangalia ubavuni mwa chupa, midomo inacheza, ti-ki-sa, ka-bla, ya, ku-tu-mi-a. Akaniuliza mbona hujatikisa.