Trolingi mota: pima boti kwanza ndo utoe pesa

Jamani, huku Minnesota, Marekani, msimu wa wolai (samaki wa ziwani anayependwa sana huku) unafunguliwa Mei, na kila ikikaribia naulizwa swali lile lile, eti trolingi mota, yaani mota ndogo ya umeme ya kuendeshea boti polepole wakati wa kuvua, ninunue ya msukumo wa paundi ngapi. Nami namuuliza mtu, boti umepima? Bado. Basi pesa ikae mfukoni, chukua tepu.

Hili limeniuma mwenyewe. Mota yangu ya kwanza nguvu ilikuwa nayo lakini shafti, ile fimbo inayoshuka majini, ilikuwa inchi 36, nikaifunga omo (mbele) kwenye boti ya alumini ya futi 16, maji yakiwa shwari hamna shida, halafu tukaenda Mille Lacs. Lile ni ziwa kubwa ila kina chake kidogo, penye kina zaidi ni kama futi 42 tu, upepo ukianza mawimbi yanaamka haraka sana. Kila wimbi likiinua omo, panga (propela) linatoka majini linazunguka hewani, boti inasukumwa na upepo kando kando na mishipi inasokotana. Nikaiuza kwa hasara.

Kwa hiyo anza na shafti. Boti ikiwa majini na mizigo yake yote na watu wake ndani (sio ikiwa juu ya trela!) pima kutoka pale utakapofunga mota kwenda chini wima mpaka usoni pa maji, halafu ongeza inchi 20. Kama ziwa lako lina mawimbi ongeza 5 tena. Yangu ilitoa inchi 19, nikajumlisha nikapata 44, nikachukua ya 45, na toka siku hiyo panga halijatoka nje tena. Lengo ni ncha ya juu ya panga ikae kama inchi 9 mpaka 12 chini ya maji. Ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndefu, maana ndefu unaweza kuipandisha lakini fupi huwezi kuivuta ikarefuka.

Nguvu sasa. Hesabu ya kawaida ni paundi 2 za msukumo kwa kila paundi 100 za uzito, na uzito hapo ni kila kitu, boti, injini ya petroli, mafuta, betri, kulabu na barafu, na nyie wenyewe. Yangu ikijaa inafika kama paundi 1,500, kwa hiyo 30 ndo chini kabisa, lakini kwa upepo nikachukua 55. Kwa kawaida 55 ndo mwisho wa betri moja ya volti 12, ukitaka 80 unaingia volti 24 yaani betri mbili, na zile za 112 ni volti 36, tatu. Boti ndogo usiibebeshe betri tatu za risasi, utazamisha tezi (nyuma).

Omo au tezi? Ukiweza weka omo. Mota ikivuta boti inafuata vizuri, ikisukuma kutoka nyuma upepo unaipiga pua unaigeuza. Ya tezi ni rahisi na unaifunga kwa skrubu za mkono dakika tano, kwa mtumbwi au boti ya kukodi inatosha kabisa.

Betri iwe ya dipsaiko, ile ya kutoa umeme taratibu kwa muda mrefu, usitumie ile ya kuwashia injini, hiyo imeumbwa kutoa nguvu kwa kishindo kifupi. Mota ya 55 ukiikanyaga mpaka mwisho inakula kama ampia 50. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo spidi kamili huna hata saa nzima, ila ukienda polepole inakutosha siku. Lithiamu unaitumia karibu yote na ni nyepesi sana, bei ndo inauma, na lazima chaja yake.

Kufunga. Usikimbilie drili. Weka mota mahali pake, ishushe, ipandishe, ilaze, angalia haigongi ubavu wala taa, kisha ingia chini ya sitaha uone drili itatokea wapi, kuna waya, kuna tangi. Ndo uweke alama. Tumia bolti za stenlesi zinazopita mpaka ng'ambo, chini weka kipande cha bati nene au washa pana na nati za kujifunga, maana skrubu tupu mawimbi yanaling'oa dude zima. Boti ya alumini weka washa za nailoni kati ya stenlesi na alumini, zikigusana penye maji alumini inaliwa. Kila tundu lijaze gundi ya boti.

Waya usibane pesa. Kwa 55 tumia unene wa namba 6 (geji ya Marekani), na breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ya ampia 60 kwenye waya wa chanya karibu na betri. Waya mwembamba unapata moto na mota inakosa nguvu, mtu anadhani mota mbovu. Fishfaida (kifaa cha kuonyesha samaki chini ya maji) ipe betri yake, la sivyo utaona chenga kwenye skrini. Betri ifungwe mkanda ndani ya boksi lake.

Walioko nyumbani Kilifi au Mtwapa, nunua ile ya maji chumvi yenye zinki ya kuliwa badala ya mota, na kila ukirudi ioshe kwa maji yasiyo na chumvi.

Kila baada ya safari kadhaa fungua panga uangalie nyuma yake, mshipi ukijizungusha pale unakata sili (mpira wa kuzuia maji) na maji yanaingia ndani ya mota. Na huku Minnesota boti yenye mota yoyote, hata ya umeme, lazima isajiliwe, na kabla hujaondoka ufukweni toa majani yote kwenye panga na shafti na uchomoe kizibo cha maji, ni sheria.