Kutuliza kelele ndani ya gari-nyumba linapokuwa barabarani

Gari-nyumba ni lori dogo lililobebeshwa jiko, kitanda na bafu, na kila kimoja kati ya hivyo hupata sauti yake magurudumu yanapoanza kuzunguka. Injini, ambayo aghalabu ni ya dizeli, imekaa mbele karibu na miguu ya dereva. Kuta za nyuma ni pana na nyepesi, hivyo hutetemeka kama ngozi ya ngoma. Na kabati zimejaa vyombo vinavyogongana kila tairi linapokanyaga shimo. Mwenye gari akishachoshwa na hali hiyo, mara nyingi hukimbilia kununua mabunda ya karatasi za kuzuia sauti na kuyabandika popote mkono wake unapofika. Mimi nashauri njia nyingine: tafuta kwanza sauti iliyo kubwa kuliko zote, inyamazishe, kisha usikilize upya ndipo uamue kazi inayofuata.

Sababu ni kwamba desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, hazijumlishwi kama kilo au mita. Vyanzo viwili vyenye desibeli 70 kila kimoja vikilia pamoja hutoa desibeli 73, ilhali sikio la binadamu huhitaji punguzo la desibeli zipatazo 10 ndipo lihisi kwamba kelele imeshuka kwa nusu. Kwa hiyo, ikiwa upepo na matairi yanapiga kelele sawa, hata ukifaulu kuufuta upepo kabisa utakuwa umepata desibeli 3 tu. Na ikiwa mlango unavujisha upepo kwa desibeli 75, kazi yote utakayoifanya chini ya zulia dhidi ya mngurumo wa desibeli 65 haitasikika mpaka mlango huo uzibwe.

Sikiliza kabla ya kushika zana

Chagua kipande cha barabara utakachoweza kukirudia, siku isiyo na mvua wala upepo mkali, funga madirisha yote, zima redio na feni, kisha uendeshe kwa kasi zilezile kila mara, tuseme kilomita 50, 80 na 100 kwa saa. Abiria aliyefunga mkanda ashike simu yenye programu ya kupima sauti na aandike namba. Namba za simu si za kuapia, lakini kwa kulinganisha hali ya jana na ya leo zinatosha. Kuna mtego mmoja tu: programu nyingi hutumia mizani iitwayo A, ambayo huiga usikivu wa sikio kwa kupunguza hesabu ya sauti nzito, kiasi kwamba mngurumo wa hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) hukatwa desibeli 19 hivi. Kama programu yako ina mizani ya C, ambayo haikati sana sauti nzito, andika namba zote mbili. Pengo kubwa kati yake ni dalili kwamba kinachokusumbua ni mngurumo wa chini na si mluzi wa upepo.

Baada ya namba, tumia masikio. Gari likiwa limesimama, pandisha injini hadi mizunguko unayoitumia safarini, kwa mfano 2,500 kwa dakika. Unachokisikia hapo ni injini na vitu vinavyotetemeka pamoja nayo. Kisha, katika barabara tulivu iliyonyooka, kanyaga klachi kwa sekunde chache gari likiwa kwenye kasi. Usizime injini kamwe, kwa maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada wake. Kelele itakayobaki ni ya matairi na ya upepo, na hizo hutenganishwa na barabara yenyewe: sauti inayobadilika ghafla unapotoka kwenye lami laini kuingia kwenye lami yenye kokoto ni ya matairi, na sauti inayobadilika unapopishana na lori kubwa ni ya upepo.

Kwa vitu vinavyogonga nyuma, usimruhusu mtu kuzungukazunguka ndani gari likitembea ili atege sikio. Acha simu ikirekodi ndani ya kabati, pita kwenye barabara mbovu kwa dakika tano, kisha uihamishie kabati jingine. Ukisikiliza rekodi hizo baadaye, utashangaa kugundua kwamba ule mlio uliodhani ni wa shokabu ulikuwa wa mfuniko wa sufuria.

Vyombo, droo na mapazia

Sehemu hii haigharimu karibu chochote, na kwa maoni yangu ndiyo inayompumzisha dereva kuliko nyingine zote, ingawa programu ya kupima sauti haitaionyesha sana: mgongano wa sahani hudumu chini ya sekunde moja, lakini humshtua mtu kila unapotokea.

Anza na oveni. Trei na wavu wake ni vyuma vilivyolegea ndani ya sanduku la chuma, yaani kengele ndani ya kengele. Vitoe, vizungushie taulo na uvibane kwenye kabati la chini. Sahani ya kioo ya maikrowevu nayo hutolewa na kufungwa hivyo hivyo. Vyuma vya kuwekea sufuria juu ya jiko huwekwa ndani ya mfuko wa kitambaa, na pale mfuniko wa kioo wa jiko unapokutana na kaunta hubandikwa vipande vidogo vya raba laini. Droo ya vijiko itandikwe mkeka wa raba usioteleza, kisha kitambaa kilichokunjwa kikandamizwe juu ya vijiko ili visipate nafasi ya kuruka. Sahani zitenganishwe kwa vipande vya fulana kuukuu. Glasi na chupa zivishwe soksi, na sijaona bado kifaa cha dukani kinachoifanya kazi hiyo vizuri kuliko soksi iliyopoteza mwenzake.

Vyombo vikishatulia, utaanza kuzisikia samani zenyewe. Pitia kila bawaba, kila komeo na kila skrubu, kwani mtetemo wa safari huzilegeza kidogo kidogo. Skrubu iliyokula mbao isikazwe kwa nguvu bali itolewe, tundu lijazwe kijiti na gundi ya mbao, kisha irudishwe. Mlango wa kabati unaogonga fremu yake huhitaji komeo lisogezwe milimita moja au mbili, au kipande cha felti kwenye kona. Mbao mbili zinazolia kwa kusuguana hunyamaza zikipakwa nta ya mshumaa. Mapazia ya kukunjwa yaliyomo ndani ya fremu za madirisha hucheza yakiachwa katikati, basi yafunguliwe hadi mwisho na kubanwa, na meza ya kukunjwa ilazwe au ifungwe kwa mkanda. Mikanda ya viti visivyokaliwa ifungwe ili vyuma vyake visipige ukuta, na msingi wa kiti kinachozunguka ukazwe kwa mujibu wa maelekezo ya mtengenezaji wake. Usisahau bomba la bafu na milango ya masanduku ya nje, ambayo raba zake zikichoka hugonga usiku kucha hata upepo ukivuma gari likiwa limeegeshwa.

Pazia zito lenye mikunjo mingi, likitundikwa kati ya viti vya mbele na sehemu ya kuishi, hupunguza sauti nyembamba zitokazo nyuma. Halizuii mngurumo, na lisiwekwe pale ambapo dereva huhitaji kioo cha ndani au ambapo abiria wa nyuma wanahitaji kumwita.

Upepo

Nguvu ya kelele ya upepo hupanda takriban kwa kipeo cha sita cha kasi. Dereva anayeshuka kutoka kilomita 110 kwa saa hadi 90 hupunguza kelele hiyo kwa desibeli 5 hivi bila kununua chochote, na katika safari ya kilomita 300 atachelewa dakika zipatazo 36. Kila mtu aamue mwenyewe kama dakika hizo ni ghali au rahisi, lakini azijue kabla ya kutoa fedha.

Njia bora niijuayo ya kukamata mahali upepo unapopiga kelele ni utepe wa karatasi wanaoutumia wapaka rangi. Funika kwa nje mianya yote inayotazama mbele: ukingo wa boneti, pembe za kioo cha mbele, maungio ya paa linalojitokeza juu ya dereva, kingo za madirisha ya paa na ya ubavuni. Milango ya dereva na abiria iache huru, kwa kuwa lazima iweze kufunguka wakati wowote. Endesha na usikilize, kisha bandua utepe kipande kimoja baada ya kingine. Kipande kitakachorudisha mluzi kikiondolewa ndicho kilichokuwa kimefunika kosa. Kwa milango, tumia ukanda wa karatasi: ufungie kati ya mlango na fremu, kisha uuvute. Ukitoka bila kukwama, raba ya mahali hapo haibani. Kabla ya kununua raba mpya, safisha ile ya zamani, ipake grisi ya silikoni na ujaribu kusogeza komeo la mlango ndani kidogo, maana mara nyingi raba ni nzima na mlango ndio ulioshuka. Mlango wa sehemu ya kuishi ndio unaostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ni mwepesi, ni mpana na huvutwa nje na upepo unaopita ubavuni. Hakikisha pia kwamba madirisha ya nyuma yamefungwa hadi mwisho, na si katika ile hatua ya kwanza ya kupitisha hewa.

Juu ya paa, vyuma vya kubebea mizigo vyenye umbo la duara huimba kwa sababu upepo huachana navyo kwa mafundo ya hewa inayozunguka, yanayopokezana juu na chini. Chuma chenye kipenyo cha milimita 20, kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, hutoa sauti ya hezi 250 hivi. Dawa yake ni ya ajabu kwa urahisi: zungushia kamba nene kwenye chuma hicho kwa mzunguko mpana kama wa skrubu, na mafundo yatavurugika yasiimbe kwa pamoja. Kama vyuma havitumiki, viondoe.

Injini na sakafu

Hapa ndipo fedha hupotea, kwa kuwa watu huchanganya kazi tatu zilizo tofauti. Ya kwanza ni kutuliza mtetemo wa bati, nayo hufanywa na karatasi za butili, aina ya raba inayonata, zenye uso wa alumini. Bati likigongwa kwa kidole na kulia kama debe, linazihitaji. Likitoa sauti fupi iliyokufa, halizihitaji. Si lazima kufunika bati lote, kwani kufunika robo hadi nusu ya eneo lake, katikati palipo na mtetemo mwingi, huleta sehemu kubwa ya manufaa. Safisha bati kwa spiriti, fanya kazi siku yenye joto na ukandamize kwa rola mpaka alama za alumini zilale. Karatasi za lami ni nafuu zaidi, lakini hulainika na kunuka gari linapochemka juani.

Kazi ya pili ni kuzuia sauti isipite, na hiyo huhitaji uzito. Kila uzito wa ukuta kwa mita ya mraba unapoongezwa maradufu, kinga yake huongezeka kwa desibeli zipatazo 6, na ndiyo maana sponji jepesi la kuhifadhi joto, hata likiwa nene kiasi gani, halizuii mngurumo wa injini. Kinachofaa ni shuka zito la vinili lililolazwa juu ya sponji lenye vitundu vilivyofungwa, likafunika sakafu ya mbele na ukuta unaotenganisha injini na dereva bila kuacha nafasi. Tundu lenye asilimia 1 tu ya eneo la ukuta haliruhusu kinga kuzidi desibeli 20, hata kama ukuta wenyewe ungekuwa wa zege. Basi, kabla ya kutandika chochote, inua zulia na uzibe matundu ya nyaya na ya mabomba kwa raba za saizi yake.

Kazi ya tatu ni kufyonza sauti iliyokwisha kuingia, na hiyo hufanywa na sufu, felti au nyuzi za poliesta ndani ya milango na nyuma ya mbao za ukutani. Upande wa injini tumia tu bidhaa iliyotengenezwa kuhimili joto na isiyoshika moto wala kunyonya mafuta. Na ikiwa mngurumo umezidi katika miezi ya karibuni, kagua kwanza raba zinazobeba injini na vishikizo vya eksozi.

Matairi

Tairi lililozeeka huwa gumu, na lililolika kwa meno kama ya msumeno huvuma hata kwenye lami nzuri. Uvumaji unaobadilika gari linapokata kona unaelekea zaidi kwenye beringi ya gurudumu, jambo ambalo ni la usalama kabla ya kuwa la kelele. Pima uzito wa kila ekseli gari likiwa na mzigo wake wote, kisha ujaze upepo unaolingana na uzito huo katika jedwali la mtengenezaji wa tairi. Usipunguze upepo chini ya hapo ili kutafuta ukimya. Lebo ya matairi ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza mwaka 2012 na kubadilishwa mwaka 2021, huonyesha desibeli, ila zile ni za kelele inayosikika nje ya gari, nazo hazikuahidi utulivu wa ndani.

Yasiyozibwa, na uzito

Matundu ya hewa yaliyo sakafuni na karibu na mitungi ya gesi yasizibwe kwa sababu yoyote, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutokea huko chini. Vivyo hivyo kwa matundu ya friji, ya hita na ya kutoa maji chini ya milango. Usibandike kitu juu ya mifuko ya hewa ya usalama wala nyaya zake. Dereva asitumie vizuia sauti vya masikioni, ambavyo humnyima king'ora na honi.

Mwisho, piga hesabu ya kilo kabla ya kuagiza. Mita 6 za mraba za vinili yenye kilo 5 kwa kila mita ya mraba ni kilo 30, na mita 4 za mraba za butili ya milimita 2 huongeza kilo 13 hivi. Magari-nyumba mengi yaliyosajiliwa kwa kilo 3,500 huwa yamekaribia kikomo hicho maji na abiria wakishaingia. Kazi ikiisha, lipeleke gari kwenye mizani, rudi kwenye kile kipande cha barabara na uandike namba mpya kando ya zile za kwanza.