Kusoma unesi huku unapiga shifti kipindi cha korona, nilivyofanya Tanga

Mwaka 2020 vyuo vilifungwa mwezi wa 3 vikafunguliwa tarehe 1 mwezi wa 6, mi nilikuwa nesi wa cheti, nasomea diploma, nakaa Ngamiani, na wodi haikufungwa hata siku moja.

Kwanza rosta, yaani ratiba ya zamu. Ikitoka tu mfuate inchaji, yule msimamizi wa wodi, na ratiba ya mitihani mkononi, usingoje wiki ya mtihani ndo uanze kulia, omba kubadilishana na mwenzio halafu siku yake umlipe kweli, maana ukimtupa mara moja hakusaidii tena.

Ukitoka naiti usifungue daftari jamani. Nimeshalala juu ya notisi za dawa nikaamka sikumbuki hata dozi moja. Oga, kula, lala masaa matano, ndo usome saa moja na nusu, inatosha kabisa.

Ila wodi yenyewe ni darasa: leo umemhudumia mgonjwa anayepumua kwa shida, basi kesho soma mambo ya oksijeni, hutosahau maisha.

Nyumbani viatu nje, yunifomu kwenye ndoo ya sabuni, mikono sekunde 40 mpaka 60 maji tiririka, ndo ushike mtoto. Bibi yangu ana presha na sukari, nilikuwa nakula barazani peke yangu miezi ile yote, iliniuma sana.

Na ukizidiwa mwambie mwalimu mapema, mi niliahirisha somo moja nikalifanya mwaka uliofuata.