Kinda wa besiboli: tazama umri kabla ya wastani wa kupiga

Ukimpima kinda wa ligi ndogo za besiboli Marekani, anza na umri wake ukilinganisha na daraja analocheza. Madaraja ya msimu mzima, kuanzia la chini hadi la juu, ni manne: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Mpigaji wa miaka 19 anayejikongoja Double-A mara nyingi ana thamani kuliko wa miaka 24 anayetamba Single-A. Huyu wa pili anawaonea watoto tu. Mpigaji nyota Mike Trout alipanda ligi kuu mwaka 2011 akiwa na miaka 19, akitokea Double-A.

Kisha chukua mara alizotolewa kwa straiki tatu (straiki kwa kawaida ni mpira alioukosa, au mzuri aliouacha upite), ugawanye kwa zamu zake zote za kupiga. Akitolewa mara 45 katika zamu 150, hiyo ni asilimia 30, na kwa mtu aliye bado Single-A ni dalili mbaya: huko juu warushaji watamtesa kwa mipira inayopinda. Fanya vivyo hivyo kwa mara alizopewa besi (kituo) ya bure baada ya kurushiwa mipira minne nje ya eneo la kupiga. Namba hizi mbili hutulia mapema. Wastani wa kupiga, yaani kiwango cha mipigo inayomfikisha besi salama, huyumba msimu mzima, kwa kuwa mpira ukishagongwa, bahati nayo inaingia.

Viwanja pia hudanganya. Miji ya Albuquerque na Reno, yenye timu za Triple-A, iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaruka mbali. Tenganisha takwimu za nyumbani na za ugenini kabla hujashangilia.