Vinyama vya shingoni: somo kwa wasusi na vinyozi

Ninyi wasusi na vinyozi mnaona shingo nyingi kuliko daktari yeyote wa ngozi hapa Nairobi. Mteja anainamisha kichwa, mnasuka au mnanyoa, na hapo chini ya nywele mnakutana na vile vinyama vinavyoning'inia. Wengine huwaomba mvikate palepale. Mliniuliza kuhusu hilo kwenye mkutano wa chama, na kwa kuwa mimi ni muuguzi niliahidi kuandika.

Kwanza, kitambue. Kinyama ni laini, kina rangi ya ngozi au cheusi kidogo, kimeshikwa na kikonyo na ukikigusa kinayumba. Vingi havizidi milimita 5. Hupenda shingoni, makwapani, chini ya matiti, kinenani na kwenye kope. Si saratani na hakiambukizi. Chunjua ni kitu kingine: ni ngumu, inakwaruza juu, inaletwa na kirusi na huambukiza. Vile vidoa vyeusi vilivyoinuka mashavuni, ambavyo wengi wetu tumevirithi kwa mama zetu, navyo si vinyama hivi, ingawa havina madhara. Ila kitu kinachobadilika rangi, kinachokua haraka au kinachotoka damu bila kuguswa, usikipe jina. Mwambie mteja amwone daktari.

Pili, tazama ngozi inayokizunguka. Hapa nitakawia kidogo, maana ndipo mnapoweza kumsaidia mtu kuliko mnavyodhani.

Kuna shingo utaikuta nyeusi, nene, kama kitambaa cha mahameli. Watu husema ni uchafu. Nimeona mama akimsugua binti yake shingo kwa jiwe la kusugulia miguu hadi mtoto akalia. Ule weusi hautoki kwa sabuni, kwa sababu mara nyingi chanzo chake kiko ndani. Mwili ukishindwa kuitikia insulini vizuri, kongosho hutoa nyingi zaidi, na wingi huo huchochea ngozi ikue kupita kiasi. Unapata weusi, na mara nyingi vinyama juu yake. Mteja wa namna hiyo apimwe sukari asubuhi kabla ya kula chochote. Ikiwa ni 7.0 mmol/L au zaidi, na kipimo cha siku nyingine kikasema vivyo hivyo, hiyo ni kisukari. Akikuta 6.1 hadi 6.9, bado hajafika huko, lakini yuko njiani.

Si kila mwenye vinyama ana kisukari. Umri, uzito, ujauzito na ukoo huchangia pia. Kwa hiyo mwambie kwa upole, na si mbele ya foleni nzima ya Jumamosi.

Tatu, punguza msuguano. Mkufu, kola ngumu, sidiria inayobana. Kupunguza uzito husaidia visiongezeke, ila vilivyokwisha kuota havianguki kwa sababu umekonda. Hakuna krimu ya kuvizuia, hata muuzaji akiapa.

Nne, kuondoa. Si lazima. Kikinaswa na nguo au kikimkera mtu, daktari hukikata kwa mkasi uliotakaswa, hukichoma kwa umeme baada ya ganzi, au hukigandisha kwa nitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa ngozi yetu nyeusi, kugandisha kunaweza kuacha doa jeupe. Na mwenye makovu yanayovimba aseme mapema, kabla hajaguswa. Baada ya hapo ni kuosha kwa maji na sabuni, kupaka mafuta ya mgando na kuacha gamba lidondoke lenyewe. Aulize bei kabla ya kupanda kitandani. Tofauti ya kliniki moja na nyingine mtaani itamshangaza.

Maswali ya wanachama

*Sista, mimi huvifunga vinyama vya wateja kwa uzi wa kusukia. Kinakauka chenyewe. Kuna ubaya?*

Upo, dada. Uzi huo haujatakaswa, na kinyama kinachokufa polepole huoza, huuma na huingia vijidudu. Kwa mwenye kisukari kidonda hicho ni balaa, nawe hujui sukari yake.

*Ni kweli ukikata kimoja, damu inaotesha vingine?*

Hapana. Vingine huota kwa sababu kilichovileta bado kipo.

*Mashine yangu ilikipitia kimoja, damu ikatoka nyingi. Ningefanya nini?*

Ndani ya kinyama mna mishipa ya damu, kaka, usishangae. Vaa glavu, bonyeza kwa pamba safi dakika kadhaa bila kuchungulia. Mashine hiyo isimguse mtu mwingine: virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini huenda na damu. Chomoa meno yake, yasugue kwa sabuni, yaloweke dakika 10 kwenye jiki ya 3.5%, sehemu moja kwa sita za maji, kisha suuza na ukaushe yasishike kutu. Kuupitisha ule moto wa kiberiti mbele ya mteja ni maonyesho tu.

*Kuna matone yanauzwa mtandaoni, wanasema siku tatu kimeanguka.*

Mengi ni asidi, nayo haichagui kinyama na ngozi nzima. Marekani, mamlaka ya dawa haijaidhinisha hata moja ya kuuzwa bila cheti cha daktari. Siki na kitunguu saumu navyo huunguza.

*Mteja wangu anacho kwenye kope, anataka nikikate kwa kale kamkasi ka nyusi.*

Usikubali, hata akikuongezea pesa. Huyo ni wa daktari wa macho.